Kibao cha shaba cha waliokwenda vitani: majina tunayafuatiliaje, na tukisafishe vipi bila kukiharibu?

mwalimu_kusini

Wakuu habarini za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa nyaraka za zamani na wa majengo ya zamani, maana hili jambo lina pande mbili.

Shule yetu ni sekondari ya serikali huku kusini, zamani ilikuwa ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Karibu na kanisa kuna nguzo ya mawe ya kama mita 2, na kwenye nguzo kuna kibao cha shaba ya manjano, upana sm 45, kimo sm 60. Kichwa chake kinasomeka vizuri: WALIOKWENDA VITANI 1939–1945. Chini yake majina 31 kwa safu mbili, mengi ni jina la ubatizo na jina la baba tu. Kama majina 10 hivi yamefifia kabisa, na mstari wa mwisho chini hausomeki. Nguzo imepakwa rangi ya mafuta mara nyingi, sehemu ya chini inabanduka na mawe yanatoa unga.

Mwakani ni jubilei. Kamati imeshapatana na fundi akisugue kibao king'ae, apake herufi rangi ya dhahabu, kisha apige plasta ya saruji nguzo nzima. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia fupi ya hao 31 "waliokufa vitani". Shuleni hakuna faili lolote la zamani. Nianzie wapi? Na hiyo kazi ya fundi iko sawa?

---

rejista_ya_zamani

Mwalimu, kabla ya yote msimamishe fundi. Kibao kwa sasa ndiyo hati pekee mliyo nayo, na hati haisuguliwi kabla haijasomwa. Ya kusafisha nawaachia mafundi humu, mimi nikupe ya karatasi.

Kwanza, soma tena kichwa chenyewe. Kinasema waliokwenda, hakisemi waliokufa. Vibao vya shule na makanisa vya namna hii mara nyingi viliorodhesha wote walioandikishwa, na waliokufa wakawekewa alama: msalaba mdogo au nyota mbele ya jina, au wakapangwa juu peke yao. Majina 31 kwa shule moja ya misheni wakiwa wote wamekufa ingekuwa hasara kubwa ajabu. Ukiandika kwenye kitabu cha jubilei kwamba wote walikufa, atatokea mjukuu kwenye sherehe aseme babu yake alirudi na akaishi hadi miaka ya themanini.

Pili, faili halipo shuleni kwa sababu inayoeleweka. Shule za misheni zilichukuliwa na serikali baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Majengo yakabaki, ila vitabu vingi vikaenda na wenyewe: ofisi ya dayosisi, nyumba ya padre, sanduku la sakristia. Ulizia vitabu vitatu kwa majina yake:

Rejista ya kuandikisha wanafunzi. Hii inakupa jina la mtoto, la baba, kijiji, mwaka wa kuingia na wa kutoka.

Kitabu cha matukio ya shule, ambacho mwalimu mkuu alikuwa anajaza kwa mkono. Tafuta miaka 1945 hadi 1950, ndipo vibao vingi viliwekwa. Kuwekwa wakfu kwa nguzo hakuwezi kukosa mstari, maana lazima kulikuwa na askofu au mkuu wa wilaya, na wanafunzi walipewa siku ya mapumziko.

Kitabu cha ubatizo cha parokia. Hiki ndicho cha thamani kuliko vyote kwako. Kinaunganisha jina la ubatizo na jina la nyumbani. Kijana aliyeitwa Yohana shuleni huenda jeshini aliandikishwa kwa jina la ukoo tu, na bila kitabu hiki huwezi kujua kwamba ni mtu mmoja.

Kwa nje ya shule: UMCA walikuwa na gazeti lao la kila mwezi lililoitwa *Central Africa*, lilitoka kuanzia 1883 hadi 1964, na lilikuwa likitaja habari za vituo na michango ya majengo. Mwaka 1965 UMCA iliungana na SPG, misheni nyingine ya Kianglikana, kuwa USPG, na nyaraka zao ziko maktaba ya Bodleian, Oxford. Waandikie barua pepe ukitaja jina la kituo na miaka mitano tu, usiwaambie "kila kitu kuhusu shule yetu", utajibiwa kwamba njoo utafute mwenyewe. Hapa nyumbani, Nyaraka za Taifa pale Upanga wana mafaili ya wilaya na ripoti za mwaka za Idara ya Elimu za Tanganyika. Nenda na barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, ikieleza mada na miaka. Omba pia *Mambo Leo*, lile gazeti la serikali lililoanza 1923. Wakati wa vita lilijaa habari za askari, na wasomaji wake walikuwa hasa watu wa aina ya walimu wenu.

---

Keya_wa_Kalewa

Naongezea upande wa jeshi.

Waliokufa utawatafuta kwenye tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Ni bure. Ila Waafrika wengi wamewekwa humo kwa jina moja tu, na jina hilo limeingizwa kwenye nafasi ya jina la ukoo. Ukijaza majina mawili unapata sifuri, ukidhani mtu hayupo. Fanya hivi: jaza jina moja kwenye nafasi ya ukoo, weka vita vya pili, kisha rudia kwa jina la baba, kisha kwa jina la nyumbani. Badilisha tahajia kila mara: Saidi, Said, Seid, Hamisi, Khamis, r na l zinabadilishana, na karani wa Kizungu aliandika alichosikia. Matokeo yanaweza kupakuliwa kama jedwali, hivyo pakua kikosi kizima halafu utafute kwenye jedwali polepole. Inaokoa muda kuliko kujaza fomu mara mia.

Ukimpata, fungua rekodi uangalie maelezo ya ziada. Za vita vya pili mara nyingi zinasema mwana wa fulani, mume wa fulani, wa kijiji au wilaya fulani. Hapo ndipo rejista aliyoisema mkuu hapo juu inafanya kazi: jina la baba na wilaya vikilingana, umempata. Jina peke yake halitoshi hata kidogo, akina Petro ni wengi.

Usiishie KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki). Batalioni zake za Tanganyika zilizokwenda Burma, yaani Myanmar ya leo, na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ni 26 na 36, na 46 ilikuwa brigedi ya 28. Lakini vijana waliojua kusoma na kuandika jeshi liliwapenda kwa kazi nyingine: simu za upepo, udereva wa EAASC (kikosi cha usafiri na ugavi), udresa, ukarani, mizinga, na ualimu wa askari. Wanafunzi wa misheni utawapata huko zaidi kuliko kwa wabeba bunduki.

Mahali pa kumbukumbu panakupa nusu ya hadithi:

Tarehe 12 Februari 1944 ikijitokeza, huyo alikuwa kwenye meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) ikapigwa torpedo na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wa rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Hawana kaburi, majina yako kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Jina likiwa Rangoon Memorial, pale Taukkyan, ni aliyefia Burma na kaburi lake halijulikani. Ukuta huo una karibu majina 27,000. Tarehe ikiwa kati ya Agosti na Desemba 1944, uwezekano mkubwa ni bonde la Kabaw, divisheni ya 11 ilipokuwa inashuka kwenda Kalewa wakati wa masika.

Diego Suarez ni Madagaska, kampeni ya 1942. Gilgil, Nyeri na Nairobi ni kambi na hospitali, huko wengi walikufa kwa maradhi na ajali. Usiwape "alikufa akipigana" ikiwa rekodi haisemi.

Jambo moja linalowachanganya watu: CWGC inahesabu vita vya pili kuanzia 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Kwa hiyo aliyefariki 1946 akiwa bado jeshini yumo, hata kama kibao kinasema 1945. Siyo kosa la kibao wala la rekodi.

---

chokaa_na_mawe

Nimesoma hiyo mipango ya fundi nikashika kichwa. Yote matatu yana madhara, na mawili hayarudishiki.

Kibao. Kimefifia kwa sababu kimesuguliwa mno. Herufi zilichongwa kwa kina kidogo, zikajazwa nta nyeusi au rangi. Kila anayekuja na dawa ya kung'arishia anaondoa shaba kidogo kwenye uso, kina cha herufi kinapungua, nta inatoka. Mkisugua tena, majina 10 yanayofifia yanakwenda moja kwa moja. Dawa za nyumbani ni mbaya zaidi: ukwaju, ndimu na majivu vinatoa zinki kwenye shaba ya manjano na kuacha mabaka ya waridi. Steelwool na mchanga hata tusizungumze.

Soma kwanza. Subiri giza, au funika nguzo kwa turubai jeusi. Simu iwe kwenye stendi, imetazama kibao wima, piga kwa kipima muda isitikisike. Tochi iweke pembeni kabisa, mwanga ukipita juu ya uso wa kibao kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15, siyo kutokea mbele. Piga picha mwanga ukitoka kushoto, kulia, juu na chini, simu ikiwa palepale. Mchongo wa wima unaonekana kwa mwanga wa pembeni, wa mlalo kwa mwanga wa juu, ndiyo maana picha moja haitoshi. Kwa mstari wa chini, sogea karibu uupige vipande vipande. Usipake unga wala chaki ili herufi zionekane, vinaingia kwenye mchongo na kushika unyevu.

Kusafisha: brashi laini ya nywele kutoa vumbi, pamba yenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, suuza kwa pamba nyingine, kausha papo hapo. Maji yasiwe ya moto, yatayeyusha nta iliyobaki. Jaribu kwanza kona moja ya sm 2, na ukiona pamba imetoka na weusi wa herufi, acha. Kikishakauka, paka nta safi nyembamba sana, futa kwa kitambaa cha pamba. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Rangi yake ya kahawia iliyotulia iacheni, hiyo ndiyo ngozi yake. Kutu ya kijani inayopukutika ni habari nyingine, hiyo itolewe kwa kijiti cha mwanzi.

Rangi ya dhahabu hapana. Fundi akikuta nusu ya herufi atakisia, na akikisia A badala ya O, baada ya miaka 5 hilo ndilo jina.

Angalia skrubu. Zikiwa za chuma kwenye kibao cha shaba, chuma kinaoza haraka, kinavimba na kupinda kibao pembeni. Badilisheni kwa za shaba au chuma kisichoshika kutu, na wekeni vishikizi vya plastiki nyuma ili pabaki nafasi ya mm 3 hadi 5 hewa ipite. Siku mtakayokifungua, geuzeni mtazame mgongo: wakati mwingine kuna jina la mchongaji au maandishi ya jaribio. Na msikiache mezani usiku huo, wanunuzi wa vyuma chakavu hawasomi majina.

Nguzo. Unga kwenye mawe maana yake maji yamefungiwa ndani. Yanapanda kutoka ardhini, rangi ya mafuta inayazuia kutoka, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi na kumega jiwe. Plasta ya saruji itafanya hivyohivyo kwa nguvu zaidi: miaka 3 itapendeza, kisha itabanduka na uso wa jiwe. Kinachotakiwa ni rangi itoke kwa dawa ya kulainishia na kikwangulio cha mti, bila grenda, bila maji ya presha. Viungo vilivyolegea vikwanguliwe hadi kina cha mara mbili ya upana wake, vijazwe chokaa 1 kwa mchanga 3 kwa ujazo. Mchanga uwe mkali, umeoshwa. Funikeni kwa magunia yenye maji siku 5 hadi 7, chokaa ikikaushwa na jua inakuwa vumbi. Zungusheni mfereji mdogo wa kokoto chini ili mvua isisimame mguuni. Mkitaka weupe, chokaa ya kupaka, matabaka membamba 4 au 5.

Kwa bajeti ndogo hii ni rahisi kuliko plasta. Gharama kubwa ni uvumilivu wa kutoa rangi.

---

mwalimu_kusini

Shukrani sana wakuu. Fundi amesimamishwa, kamati imenuna lakini imekubali.

Tumefanya ya tochi jana usiku. Misalaba ipo! Midogo kama punje ya mtama, mbele ya majina 8. Majina 6 kati ya yale 10 yamesomeka. Mstari wa chini unaanza "Umewekwa na wenzao" na mwisho kuna 1949.

Katika wale 8, nimepata 5 wanaolingana na jina la baba na wilaya. Mmoja ana watu wawili wenye jina lilelile, wilaya moja. Wawili sijawaona kabisa. Pia wazee wa hapa wanasema walimu wa shule walikufa vita ya kwanza, mbona hawako kwenye kibao? Kamati inataka tuwaongeze wote.

---

Keya_wa_Kalewa

Kwa wawili wenye jina moja, tumia mwaka. Rejista inasema alitoka shule lini, rekodi ikisema mmoja alikuwa na miaka 38, na wako alimaliza darasa 1941, umeshajua siye. Umri ukikosekana, angalia kikosi. Karani au dresa ana nafasi kubwa kuwa wa shule. Bado ukikwama, waandike wote wawili kwenye kitabu na useme rekodi ni mbili.

Wawili wasioonekana: huenda waliachishwa jeshi kwa ugonjwa wakafia nyumbani. CWGC inawakubali wa namna hiyo ikiwa kifo kilitokana na utumishi na kilitokea ndani ya zile tarehe, ila inataka ushahidi: hati ya kuachishwa, cheti au kitabu cha mazishi cha parokia. Shule inaweza kuwasilisha maombi, na ushahidi wa padre wa 1940s una uzito. Simulizi ya familia pekee haitoshi.

---

rejista_ya_zamani

Vita ya kwanza ni shauri tofauti na nisingewachanganya. Eneo lenu lilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na UMCA ilikuwa misheni ya Waingereza. Wajerumani waliwakamata wamisionari, na walimu Waafrika wa UMCA nao wakakamatwa kwa kushukiwa, wakapelekwa wafungwa hadi Tabora. Waliokufa kifungoni au njiani hawakuwa askari wa jeshi lolote, kwa hiyo CWGC hawamo. Wengine walichukuliwa upagazi na upande mmoja au mwingine, na wapagazi ndio waliopotea zaidi bila jina. Ripoti ya CWGC yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba kati ya watu 116,000 na pengine 350,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Pale Dar, makaburi 660 ya Ocean Road yalipohamishwa 1968 kupisha barabara, ya Waafrika yalikuwa hayana alama za mmojammoja, ikabidi wazikwe kwa pamoja. Tafuta walimu wenu kwenye *Central Africa* ya 1916 hadi 1919 na kwenye vitabu vya parokia, si kwenye orodha za jeshi.

Tarehe za vita hiyo nazo ziandikeni kwa uangalifu. Ulaya silaha ziliwekwa chini 11 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani huku, Lettow-Vorbeck, alijisalimisha Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25. Mwalimu aliyekufa tarehe 20 Novemba amekufa kabla Wajerumani wa huku hawajajisalimisha rasmi.

---

chokaa_na_mawe

Kuongeza majina: msiguse kibao cha 1949, hata kusahihisha tahajia. Wekeni kibao cha pili chini yake, kidogo kuliko cha kwanza, jiwe au shaba, kikiwa na mwaka wake mwenyewe ili mtu wa baadaye ajue kipi kiliwekwa lini. Herufi zisipungue mm 10, zichongwe, zisiwe za stika wala za kuchomwa kwa leza juujuu, zile zinafutika kwa jua. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitabu cha parokia, na kabla ya kuchongwa, karatasi ya ukubwa halisi ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kanisa na kijiji kwa mwezi mzima. Makosa yote ya tahajia yatajitokeza hapo, na pengine na majina ambayo hamjayapata.

Kuhusu kibali: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863, hivyo nguzo yenu haimo mpaka itangazwe. Ila ardhi ya kanisa na ya shule pale mara nyingi mpaka wake haueleweki. Pateni barua ya dayosisi kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

---

mwalimu_kusini

Nimeelewa. Kesho naenda dayosisi na barua mbili, ya kutafuta kitabu cha matukio cha 1949 na ya kibali. Swali moja la mwisho kwa mkuu wa chokaa: skrubu 2 kati ya 4 hazizunguki kabisa, vichwa vimeliwa.

---

chokaa_na_mawe

Msilazimishe wala kupiga patasi. Tone la mafuta ya kulegeza kutu, kwa sindano, kwenye kichwa tu, jiwe likingwe na plastiki. Rudia asubuhi na jioni siku 3. Zikigoma, fundi wa vyuma atoboe kichwa kwa kekee nyembamba hadi kibao kiachie, shina libaki ndani ya jiwe, kisha matundu mapya ya plagi yatobolewe kwenye kiungo cha chokaa, siyo kwenye jiwe. Mtu mmoja akishike kibao kwa mikono miwili muda wote huo, kikining'inia kwa skrubu moja kinapinda.